Sauti Iliyojisomea Hukumu

Opereta wa hospitali haoni tangu akiwa na miaka sita, na kwa miaka kumi na tisa kazini hakuna aliyewahi kumlalamikia. Chumba chake cha simu kiko chini ya ngazi: meza, mtambo wenye vitufe vilivyolika, kiti kimoja. Wenzake humwita Mama Laini. Husema, "Hospitali, nikuunganishe na nani?" na hujamaliza kujibu, kidole kimeshafika.

Macho yake yalikuwa simu ya mkononi iliyolala kando ya mtambo. Ndani yake mlikuwa na programu ya kusoma maandishi kwa Kiswahili safi, kazi ya rafiki aliyesoma naye shule ya wasioona. Rafiki huyo hakuisajili kwenye duka la programu. Aliwagawia wenzake kwa kadi ya kumbukumbu, mkono kwa mkono, kisha akafariki. Dukani kulikuwa na sauti za lugha nyingine tu, zilizotafuna Kiswahili kama changarawe. Kwa hiyo kila zamu ya madaktari ilipobadilika, ujumbe uliingia, na kazi ya marehemu ikamsomea Mama Laini nani apigiwe.

Jumatatu asubuhi sauti ile ilimsomea tangazo, kwa utulivu uleule: "Programu hii imetoka nje ya duka. Mtengenezaji hatambuliki. Itazimwa baada ya siku tatu."

Akaisikiliza tena. Ilikuwa inajisomea hukumu yake yenyewe, bila kutetemeka.

Akamwita mkuu wa kompyuta.

"Mama, hilo limetoka kwa waliotengeneza simu," alisema yule bwana. "Na sikufichi, mimi naliunga mkono. Mwezi uliopita nesi mmoja aliweka programu ya kurembesha picha, kaiokota huko mitandaoni. Faili za wagonjwa mia mbili zikaondoka. Mpaka leo hatujui ziko kwa nani."

"Mimi nimerembesha picha lini, mwanangu? Hata kioo sikijui."

Yule bwana akacheka. "Simu haimjui rafiki yako, Mama. Inaona faili isiyo na mwenyewe."

"Basi nisajilie."

"Anayesajili ni mtengenezaji, kwa kitambulisho chake."

"Yuko kaburini."

"Ndiyo hivyo." Akaahidi kutafuta mtu wa kumsomea zamu.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, sauti ilisema "Zamu ya upasuaji leo ni," ikakatika. Mama Laini alisubiri, kidole hewani. Haikurudi.

Mtu wa kusoma alikuwa Bibi Sabuni, mhudumu wa usafi. Aliegemeza ufagio mlangoni, akaisogeza simu mbali na macho. "Upasuaji ni Daktari Mrefu, mpaka kesho. Shika kichwani, mwenzangu, mimi saa tisa naondoka."

"Kichwa changu hakijajaa. Wewe kapige deki."

Saa kumi alasiri simu ilitetemeka juu ya meza, mara moja. Ujumbe. Mama Laini aliichukua, akapapasa kioo juu mpaka chini. Kimya. Akaenda mlangoni. "Jamani, nani yupo hapo?" Korido haikujibu.

Mtambo ukalia nyuma yake. Wodi ya wazazi.

"Mama Laini, nipe daktari wa upasuaji, upesi! Huyu mama anavuja damu, haizuiliki."

"Zamu imebadilika? Kuna ujumbe hapa, sijasomewa."

"Mimi nitajuaje? Si wewe ndiye unayejua!"

Akabonyeza namba ya Daktari Mrefu, namba ambayo vidole viliijua vyenyewe. Ikaita. Ikaita tena, mahali fulani mbali, kwa mtu ambaye pengine alikuwa ameshavua koti na kufunga mlango. Mkono wake wa kushoto bado ulikuwa umeishika ile simu ya mkononi, na jina alilolihitaji, kama lilikuwamo, lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho.

"Mama Laini?" nesi aliita. "Mama Laini, vipi?"

Simu ya Daktari Mrefu ikaendelea kuita.