Transista Moja kwa Darasa la Bondeni

Mimi nikiambiwa jambo haliwezekani, masikio hupata moto. Ndivyo nilivyoumbwa, na mama yangu kule Kasulu alishachoka kunionya. Basi mwenyekiti wa kijiji aliposema darasa la wanawake livunjwe kwa kuwa redio yetu haisikiki, nilimjibu kwa adabu, "Sawa, mzee," lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Watu walikuwa wameshahamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja cha Kibondo. Masomo yalitoka Dar es Salaam kwa redio, alasiri. Wanaume walisikilizia ofisini, juu ya kilima. Wanawake walisikilizia bondeni, walipokuwa wakiloweka mihogo, maana kazi haikuwasubiri. Kule juu redio ilisema vizuri. Bondeni, milima ikiwa imetuzunguka, ilikoroma tu.

"Waje huku juu, tusikilize pamoja," mwenyekiti alisema. "Kijiji ni kimoja."

Tulijaribu mara moja. Kwetu Uha mkamwana haongei mbele ya baba mkwe wake, na wengi wa wanafunzi wangu waliwakuta baba wakwe zao mle ofisini. Walikaa nyuma kabisa, nyuso zimegeukia ukuta, kanga hadi puani. Mkamwana wa mwenyekiti mwenyewe, ambaye bondeni alinikatiza kila sentensi hadi nikatamani kumziba mdomo, siku hiyo hata hakukohoa. Nilipouliza swali walijibu wanaume. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma kwa hasira. Darasa ambalo mwanafunzi hawezi kuuliza, mimi siliiti darasa. Mwenyekiti akanipa hadi somo la wiki iliyofuata: redio isikike bondeni, la sivyo wote juu.

Nilikuwa na redio mbovu niliyopewa na mwenye duka mmoja wa Kasulu. Spika ilikuwa imepasuka, ila transista zake zilikuwa nzima, na fizikia niliyosoma sekondari haikuwa imenitoka. Niliamua nifunge waya mrefu juu ya mikaratusi, na kati ya waya na redio yetu niweke transista moja ya kukuza yale mawimbi dhaifu. Nilipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, nikaunga kama tulivyofundishwa: mawimbi yaingilie mguu uitwao beisi, yatokee kwenye mguu mwingine, kolekta. Nikawasha. Redio ikapiga mluzi mkali, kuku wakatawanyika. Nikabadilisha rezista, kile kipande cha kukinza mkondo. Mluzi. Nikafupisha nyaya. Mluzi vilevile, tena wa kunikebehi.

"Mwalimu, hiyo imepagawa," jirani yangu aliniambia kutoka uani kwake. "Itupe."

"Siitupi," nikasema.

Nikaacha kuunguza vidole, nikaketi kufikiri. Mluzi maana yake kilichokwisha kukuzwa kinarudi mlangoni, kinakuzwa upya, bila kikomo. Kinarudi kwa njia ipi? Kwa ndani ya transista yenyewe, kutoka kolekta hadi beisi, kwani zimekaribiana mno. Basi beisi isiwe mlango tena. Niiunge na ardhi kwa kapasita, inayopitisha mawimbi na kuzuia umeme wa betri, ili itulie, ikae katikati kama ukuta, na mawimbi yaingilie mguu wa tatu, emita. Mpangilio huo shuleni tuliupita haraka. Tuliambiwa mkondo hauongezeki humo: unaoingia emita ndio unaotoka kolekta, tena umepungua kidogo. Sasa faida yake nini? Nilichukua kalamu nikiwa na hasira na kila aliyewahi kunifundisha.

Kwa mita ya kuazima nilipima rezista ya emita, ya omu elfu moja. Ilionyesha volti moja, kwa hiyo mkondo ni miliampia moja. Kwa mkondo huo, emita huyakinza mawimbi kwa omu kama ishirini na tano tu. Upande wa kolekta nilikuwa nimeweka koili na kapasita za ile redio mbovu, ambazo kwa stesheni yetu hukinza kwa omu maelfu. Nikaona. Mkondo ni uleule, lakini umeingia penye ukinzani mdogo na kutokea penye ukinzani mkubwa, kwa hiyo volti zinazotoka ni nyingi kuliko zilizoingia. Hata nikiondoa zitakazopotea kwenye kuunga redio, zinabaki za kutosha. Nilicheka peke yangu pale jikoni, nikashika tena chuma.

Siku ya somo niliwasha mbele ya wanawake wote. Hakukuwa na mluzi. Sauti ya mtangazaji ilitoka safi, na wanawake wakapiga makofi. Akatuhimiza tuchemshe maji ya kunywa kila siku.

Mkamwana wa mwenyekiti akainuka, mikono imejaa maganda ya mihogo. "Na kuni? Tangu tuhamishwe hapa kuni ziko ng'ambo ya mlima. Asubuhi shamba la kijiji, mchana mihogo, jioni maji. Huyo anayesema amewahi kubeba hata mzigo mmoja?"

Hapo mtu akakohoa nyuma ya migomba. Mwenyekiti alikuwa amekuja kukagua. Mkamwana wake akajikunja chini, akavuta kanga usoni. Niliona uchungu hadi machozi yakanilenga, kwa kuwa redio niliishinda, na hili sikuwa na chuma cha kulilehemu.

"Mwidiwe," mwenyekiti alitusalimu kwa Kiha, bado yuko nyuma ya migomba.

"Mwidiwe, mzee."

"Redio inasema?"

"Inasema, mzee."

"Nimesikia. Na hilo la kuni nimelisikia. Mimi napanda juu. Malizeni."

Akaondoka. Njia nzima alikohoa kwa makusudi, kwa nguvu, kila alipopiga kona, ili tujue amefika wapi. Tulisikiliza kikohozi kikipanda kilima, kikififia, hadi kikatoweka kabisa.

Mkamwana wake akashusha kanga, akasimama. "Sijamaliza," alisema.

Nikazima redio.