Mstari Uliokatwa katika Daftari la Babu

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa biro, mkuu wa ofisi yetu, alinipa mashine ya kupiga chapa na barua ya kurasa nne. Nilijiona nimefika. Kabla ya saa sita barua ilikuwa imenirudia, kwa sababu nilipiga hata maneno ambayo mwandishi aliyakata.

"Mama, neno yenye ilikatwa, mwenyewe alishaikataa," shefu akaniambia. "Weye piga yenye ilibakia."

Kanuni hiyo niliibeba Goma, Rutshuru, kisha Goma tena, chini ya mashefu watano, tangu karatasi za kaboni hadi kompyuta. Kanuni nyingine ilikuwa kulinganisha: mmoja anasoma andiko la mkono kwa sauti, mwenzake anafuata nakala kwa kalamu. Tuliipenda, maana tulikaa wawili wawili na kusengenya kidogo. Hadi leo naukosa mlio wa mashine zile, na nawahurumia vijana wanaofanya kazi kimya.

Nilipostaafu, ukoo uliniomba nichape daftari la babu, aliloandika kwa penseli. Baba yangu alilingoja kuliko wote. Kwetu Wanande, mtoto wa kiume wa kwanza wa mama huitwa Paluku, wa pili Kambale. Baba ni Kambale, na Paluku hakuna aliyemwona. Babu na bibi waliondoka Butembo wawili kwenda kufanya kazi Rutshuru, wakarudi na Kambale mgongoni. Mawifi wakasema bibi alizaa kabla ya ndoa, akaficha. Alikufa bila kuwajibu.

Nilimaliza kuchapa, jibu sikuliona. Nikaenda kwa baba, mtaa wa Mapendo, tulinganishe. Yeye akashika daftari na kusoma polepole, mimi nikafuata nakala, hadi kwenye kurasa za Rutshuru, niliposikia maneno ambayo sikuwa nayo.

"Leo tumemzika Paluku wetu. Mama yake ameomba tusimtaje tena."

Mstari huo babu aliukata kwa penseli, nami niliuruka kwa ufundi wangu wote. Niliona haya, nikaomba msamaha.

Baba hakunisikia. Alivua miwani akalia, mzee mzima, nami nikalia naye.

"Mama hakukuwa na kosa," akasema mwishowe. "Ku liste ya batoto, weka Paluku mbele. Miye nifwate."

Nikachapa hivyo kwenye orodha ya watoto wa babu, baba akishuka kutoka wa kwanza kuwa wa pili. Katika miaka yangu yote ya ofisi, sikuwahi kumwona mtu akishushwa cheo kwa furaha namna ile.