Siku Niliyomfuta Kuku wa Mama Mkwe

Naomba nianze kwa kusema kwamba ni mimi. Nasema mapema kwa sababu siku yenyewe nilichelewa kusema, na kule kuchelewa ndiko kulikoniaibisha mbele ya kina mama kumi na tisa wa kanisa, mbele ya mzee wa watu asiye na kosa, na mbele ya mama wa mwanamume niliyetaka anioe, tena ikiwa ni mara yangu ya pili tu kukanyaga kwao.

Mimi ni Athieno, mzaliwa wa Mella upande wa Uganda, na wakati huo nilikuwa na duka la fotokopi Tororo mjini. Wandera, mchumba wangu, ni wa Busia upande wa Kenya, anafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, na ana ugonjwa wa kunisifu kupita kiasi. Kwa kuwa nina kompyuta mbili na printa moja (inayokwama kila baada ya kurasa tano), aliwaambia kwao kwamba mimi ni mtaalamu wa mitambo. Sikumsahihisha. Sifa za bure ukweni, nani anazikataa?

Sasa mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, mkono wa kulia ukalala kabisa. Daktari wa mazoezi alimpa mpira wa kubinya, akaubinya siku tatu, ya nne akamtupia mbwa. Ndipo Wandera akamnunulia mashine ya gemu, zile mpya za kuunganisha na televisheni, na ndani yake akamwekea mchezo mmoja uliotengenezwa juzijuzi lakini kwa makusudi ukafanana na michezo ya zamani: picha za vidoti vikubwa vikubwa, muziki wa ti-ti-ti, na kuku mwekundu anayeruka kutoka ubao hadi ubao kuvuka mto. Hatua mia moja, na kila hatua mbao zake ni nyembamba kuliko za nyuma. Na kama ile ya zamani, ulikuwa na nafasi moja tu ya kutunza pale ulipofikia. Moja.

Mama alimpenda yule kuku. Miezi saba, kila asubuhi baada ya chai, kidole gumba cha kulia juu ya kitufe. Alipomaliza hatua ya tisini na tisa aliiacha ya mia makusudi, akasema ataivuka siku ya maombi ya shukrani, mbele ya wale kina mama waliokuwa wakija kumgeuza kitandani na kumfulia wakati hawezi hata kushika kijiko. Alitaka wauone mkono.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilifika asubuhi nimevaa gomesi mpya ya kijani, lile vazi refu la kwetu la kufungwa mshipi kiunoni, Wandera ameenda kuazima viti, na Mama yuko chumbani anavalishwa na dada yake aliyeolewa Buhehe. Akaniuliza kutoka huko ndani kama najua kuwasha ile mashine, nimwekee gemu tayari, kina mama wakiingia wamkute kuku anangoja. Jibu lilikuwa "hapana, Mama". Maneno mawili tu. Mimi nikajibu, "Hiyo mashine? Hiyo najua kabisa."

Kuwasha niliweza, nisijidharau sana. Kuku akatokea, muziki ukaanza, na chini yake pakawa na njia mbili, ya kuendelea na ya kuanza upya. Nikasukuma kile kijiti kidogo cha rimoti, alama ikateleza mpaka kwenye kuanza upya, na kabla sijairudisha nikawa nimeshabonyeza. Mashine ikaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nina hakika, maana safari ya zamani itafutika. Nikataka kurudi nyuma, na kwa akili zangu za fotokopi nikaona kitufe cha mwisho kulia lazima kiwe cha kughairi. Kumbe ndicho cha kukubali.

Kuku akasimama ukingoni mwa mto. Juu kushoto pameandikwa moja.

Hapo ningekwenda chumbani nikaeleza, mkasa ungeisha, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Badala yake niliamua kucheza mimi mwenyewe nifike hatua ya mia kabla Mama hajamaliza kuvaa (msicheke, mtu akiogopa hesabu zinamtoka). Kuku akaanguka majini. Kila akianguka mashine inapiga wimbo mfupi wa huzuni unaoshuka chini chini, na mimi pa kupunguza sauti sipajui, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inasikia ninavyoua kuku. Mama akauliza kulikoni, nikasema naipasha moto mashine. Akauliza kama kweli hizi mashine zinapashwa moto. Nikasema za siku hizi, ndiyo.

Kina mama wakaanza kuingia na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakakaa, wakanitazama. Jasho linanitoka, mshipi wa gomesi unalegea, nami nang'ang'ana na hatua ya pili. Mwenyekiti wao akanishika bega akanipongeza kwa moyo wangu wa kumsaidia Mama, nikaitikia amina.

Mama akatoka na kitenge kipya, fimbo mkononi, vigelegele vikapigwa. Akaketi, nikampa rimoti huku nikiangalia zulia. Akatazama juu kushoto. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mbona imeandika tatu?"

Kiswahili changu cha wakati ule kilikuwa cha Tororo, na kikishikwa na woga kilisahau sarufi yote. "Labda stima ilipotea kidogo, Mama," nikasema. "Ikafuta kitu yote."

Stima ilikuwapo, friji ilikuwa inanguruma pale pale ukutani. Lakini hakuna aliyeiangalia friji. Walimwangalia Mzee. Baba yake Wandera ni dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na kwa miezi saba alikuwa akiwaambia watu kwamba mtu mzima hawezi kukaa anachezea kuku. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Akaliweka chini.

"Huenda ni mimi," akasema. "Asubuhi ukiwa umelala huwa narudi nyuma nikacheza kidogo, zile za mwanzo mwanzo ulizokwisha kuvuka. Hata leo nilicheza."

Mama hakumgombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Alimtazama tu, akauweka ule mkono wa kulia mapajani, akaufunika kwa wa kushoto kama mtu anayeficha kitu ambacho hataki tena wageni wakione, kisha akasema basi tuanze maombi.

Mzee akabaki pale pale, mrefu, mikono yake haijui ikae wapi. Siri yake, kwamba naye anampenda kuku yule yule anayemsema, ilikuwa imetoka nje mbele ya kanisa zima kwa sababu yangu. Nikaona nikinyamaza hapa nitaolewa katika nyumba hii, na kila nikimpelekea huyu mzee chai nitashindwa kumtazama usoni. Nikasimama. Mshipi ukaanguka wote, nikabaki nimeushika mkononi kama mkia.

"Mama, si Mzee. Ni mimi nilibonyeza. Stima haikupotea. Na hii mashine sijui, sijawahi kugusa hata siku moja. Nilidanganya."

Wandera alikuwa amefika mlangoni na viti viwili kichwani, akavishusha polepole bila kuniangalia. Mama akaniuliza nimecheza kwa muda gani. Nikasema kama dakika arobaini. Akauliza kama katika dakika arobaini zote nimefika hatua ya tatu. Nikasema ndiyo, Mama. Mtu mmoja kule nyuma akacheka, akafinywa. Mama hakucheka. Maombi yakaanza, nami nikalia mwanzo hadi mwisho, mpaka Mwenyekiti akadhani nimeguswa na Roho, akaniwekea mkono kichwani akaniombea peke yangu, aibu juu ya aibu.

Tulikula. Baada ya kunawa Mama akaomba rimoti, akasema wageni wamekuja kuona, basi wataona kilichopo. Akarudi mpaka hatua ya kwanza kabisa, ile ambayo mara ya kwanza ilimchukua siku kumi na moja, na siku nyingine akilia (Mzee alinieleza baadaye). Sasa kuku alivuka kabla sijamaliza kufunga mshipi wangu. Ya pili akavuka. Ya tatu, iliyonishinda mimi, akavuka huku akimuuliza mtu kama amepata soda. Kumi. Kumi na tano. Wale kina mama hawakujua lolote la gemu, na hatua ya mia ingekuwa kwao kuku tu juu ya ubao, lakini ule mkono waliujua, walikuwa wameuinua wenyewe ukiwa mzito kama wa maiti, na sasa waliona kidole gumba kinakwenda. Dada yake wa Buhehe alikuja akakaa chini karibu na goti lake, akawa hatazami televisheni kabisa, anatazama kidole.

Alipofika thelathini na nne akasema mkono umechoka. Kisha akanigeukia.

"Nilikasirika sana, Athieno. Na bado nimekasirika kidogo."

Nikamwambia ana haki. Akaniambia nikae karibu naye, nikakaa, na jioni Mzee alinisindikiza hadi barabarani, na tulipoagana alicheka peke yake akisema, "Inapashwa moto."

Tulioana mwaka huo huo. Mzee siku hizi anacheza mchana peupe. Hatua ya mia Mama aliivuka siku ya kawaida tu, tuko watatu sebuleni: kuku akafika ng'ambo, akaingia bandani, mlango ukafungwa. Mama akangoja, hakikuja kingine. Akauliza kama ni hicho tu, Mzee akasema naona ni hicho, na Mama akaniambia basi nimwanzishie tena toka mwanzo, yeye anywe chai kwanza.

Nikakataa. Nimeapa tangu siku ile kwamba nikiulizwa nisichokijua nitasema sijui kabla swali halijaisha, na kwamba kile kitufe sitakigusa tena hata kwa amri ya ukweni. Nilimchukulia rimoti, nikampa kwa mikono miwili, nikapiga goti. Chai ikapoa pale mezani. Alibonyeza mwenyewe.