Ndege Aliyoirusha Kasto

Harufu ya mafuta ya nyonyo yakiungua siisahau mpaka leo. Kiangazi kile, upepo wa Ufipa ukichapa mabati ya nyumba yetu pale Izia, uani hapakunuka kingine. Padri mmoja mzee, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia kaka yangu Kasto injini ya ndege ya mfano, ndogo kama ngumi ya mtoto, pamoja na makopo ya mafuta yake yaliyochanganywa na nyonyo. Kasto alichonga ndege yenyewe kwa mbao laini. Kazi yangu mimi ilikuwa mfuko wa mafuta. Nilikata kipande cha mpira laini wa hospitali, nikafunga ncha moja kwa uzi, nyingine nikaingiza kimrija, kisha nikasukumia mafuta kwa bomba la sindano mpaka mpira ukavimba kama firigisi ya kuku. Ukijibana, huisukumia injini mafuta hata ndege ikiwa kichwa chini. Baada ya kurusha nilimwaga mafuta yaliyobaki, nikausuuza mpira, nikaukausha kivulini na kuupaka poda, maana ukilala na mafuta huoza na kupasuka.

Jumapili moja baada ya misa, Kasto aliirusha uwanjani, akisimama katikati na kuizungusha kwa nyaya mbili alizozishika mkononi. Watu walisahau kwenda nyumbani. Mgeni wa baba, bwana mkubwa wa ofisini, alikuja akicheka.

"Mzee, hii namchukulia mwanangu. Na huyu kijana wako nitamtafutia nafasi chuo cha ufundi."

"Chukua tu, mheshimiwa," baba akasema.

"Baba, ni ya Kasto!" nikapaza sauti.

"Nyamaza, Vero. Wakubwa wanaongea."

Kasto alizikunja nyaya taratibu, akamkabidhi mgeni ndege kwa mikono miwili, kwa adabu, kama tulivyofunzwa. Nilimkimbilia yule bwana garini nimweleze namna ya kuutunza mpira. Alipandisha kioo.

Nafasi ya chuo haikuja. Baba alimfuata ofisini mara nyingi, akaambiwa asubiri kwenye benchi, hadi akachoka kwenda. Alikufa bila kulitaja jambo lile.

Siku hizi Kasto analima mahindi na ulezi kijijini Mwazye. Majuzi mwanawe alimwonyesha kwenye simu vindege visivyo na rubani vikinyunyizia shamba dawa.

"Baba, hivi vinarukaje?"

"Sijui," alijibu Kasto, akachukua jembe lake.

Mashamba yake yanastawi, na majirani humsifu kwa upole wake. Mimi niliyemjua kabla ya Jumapili ile, upole ule siupendi.