Usifukie Bomba Kabla Hujauona Mwezi

Ninayo siku moja, mwanangu Kabula, ambayo haijawahi kunichakaa kichwani. Ni siku tuliyopima bomba la kwanza la majitaka mtaani kwetu hapa Geita, mimi nikiwa binti niliyetoka chuoni juzi tu, na viatu vya mvua vilivyonizidi mguu. Umeniambia Jumatatu unaanza kazi kwenye mradi wa majitaka wa mji. Tangu uniambie, moyo wangu unacheza ngoma, na sitaki uende kabla sijakusimulia.

Wakati ule mji uliota kama uyoga baada ya mvua. Kila basi lilishusha watu waliosikia habari za dhahabu, kila aliyeshuka alitafuta chumba, na kila chumba kilihitaji choo. Tulichimba vyoo vya shimo mpaka vikapakana na visima. Mvua zikija vyoo vilifurika, na kinachofurika hakichagui pa kwenda. Msimu mmoja kipindupindu kiliingia mtaani, kikamchukua binti mdogo wa Mama Shija, jirani yetu aliyeuza uji karibu na kisima cha mtaa. Msiba ule tuliulilia wote, lakini kesho yake tulirudi kuchota maji kisima kile kile, maana kingine hatukuwa nacho.

Kwa hiyo mkandarasi alipoletwa kuchimba mtaro utoke sokoni, upite mtaani kwetu, ushuke mpaka mabwawa ya majitaka kule bondeni, watu waliukimbilia kama harusi. Walikuja asubuhi na mapema kuangalia mabomba yakilazwa. Mzee mmoja alikuwa akija na kigoda chake kabisa.

Na mimi nilikuwa ndani ya mtaro! Nisamehe, mwanangu, mpaka leo nikilitaja napata joto.

Aliyenifundisha kazi ni mhandisi wa halmashauri, Mzee Ng'wandu, Msukuma wa upande wa Shinyanga, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuwa haanzi kukagua chochote kabla hajawasalimu vibarua wote, mmoja mmoja. Alinieleza kwamba majitaka hayasukumwi na mtu, hutembea yenyewe kwa mteremko. Ukililaza bomba mno, uchafu unatuama. Ukilisimamisha mno, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Ndiyo maana viwango vinasema mteremko uwe kiasi gani, bomba lilale juu ya mchanga ulioshindiliwa, chemba za kukagulia zikae wapi, na bomba la majitaka likikutana na la maji safi, la majitaka lipite chini. Kisha vinasema jambo ambalo wengi hawalipendi: hakuna kufukia kabla ya kupima.

Hapo ndipo palipozuka neno. Diwani wetu alikuwa ametangaza sherehe siku hiyo hiyo ya kipimo. Ngoma zilishafika, masufuria ya pilau yalishapanda jikoni, na upande wa ziwa wingu lilikuwa likijikusanya. Msimamizi wa mkandarasi, kijana hodari aliyeitwa Deus, alitaka mtaro ufukiwe upesi mvua isije ikaujaza tope, kipimo kifanyike baadaye. Diwani naye aliona ni sawa. Mzee Ng'wandu hakubishana nao. Alisema tu kwamba jua bado lipo, na jua ndilo alilolihitaji, basi tupime sasa hivi mbele ya wageni.

Kipimo chenyewe ni kitamu, utakuja kukiona. Mmoja anasimama kwenye chemba ya juu na kioo, analikamata jua na kulirusha ndani ya bomba. Mwingine anashuka chemba ya chini na kioo chake kidogo, anatazama. Bomba likiwa limenyooka, unauona mwanga umejaa kama mwezi mpevu. Likiwa limepinda au limezama, mwezi unakuwa umeliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa kuwa nilikuwa mwembamba, wa kuinama nikawa mimi.

Chemba ya kwanza nilipaza sauti, "Mwezi mzima!" Umati ukaitikia na ngoma ikagongwa. Ya pili, mwezi mzima. Tukaenda hivyo mtaani, mimi nikishuka na kupanda, watu wakinifuata kwa vifijo kana kwamba nafunga magoli. Sijawahi kupendwa na watu wengi namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Tukafika kipande kilichopita juu kidogo ya kisima. Nikashuka, nikainama, nikatazama. Nikafuta kioo kwa upindo wa blauzi, nikatazama tena. Mwezi ulikuwa umeliwa karibu nusu.

Juu wapiga ngoma walikuwa wameshika fimbo zao wakisubiri sauti yangu. Deus alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa chemba. Aliusoma uso wangu, akaniinamia na kusema taratibu, "Minza, sema umeuona. Hiki kipande nitakirekebisha mwenyewe baadaye. Wingu lile halisubiri."

Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa amechoka, na ameandamwa. Lakini nyuma ya bega lake niliona kanga ya Mama Shija, amesimama hapo hapo na ndoo yake ya uji. Nikapaza sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Mhandisi, mwezi haujatimia. Umeliwa."

Minong'ono ikaanza. Mmoja alisema nimekuja na mkosi, mwingine akauliza tangu lini bomba la kinyesi likahitaji mwezi. Diwani akakumbusha kwamba wageni wameshaketi. Mzee Ng'wandu alisubiri waseme wamalize, kisha akamgeukia Deus, na alimwonya kwa upole wa mzazi, ila kila mtu alisikia.

"Deus, mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Bomba likiugua chini ya udongo haliji ofisini kutuambia. Litaanza kusema kwenye kisima cha mama huyu, nasi tutasikia kwa sauti ya watoto wake."

Deus aliinamisha kichwa. Halafu alivua shati, akashika sururu, akawa wa kwanza kuingia mtaroni.

Wakalitoa bomba lile. Mchanga wa chini yake ulikuwa umetitia. Deus akachoma nondo ili ajue ardhi ngumu iko wapi, nondo ikazama, ikaendelea kuzama, mpaka ikabaki ncha mkononi mwake. Mchimbaji mmoja mtu mzima wa kutoka Rwamgasa, aliyekuja kwa ajili ya sherehe tu, akashuka kuangalia. Akasema hili ni duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao la dhahabu. Lilikuwa duara la zamani lililoachwa, likajazwa matawi na takataka, na mji ukaja kukaa juu yake bila habari. Kama tungefukia siku ile, mvua kubwa ya kwanza ingelizamisha shimo na kulikata bomba katikati, na uchafu wa soko zima ungeshukia kisimani.

Nilimtazama Mama Shija. Alikuwa ameitua ndoo chini na kujishika kifua.

Sasa sikiliza watu walivyo, mwanangu. Wale wale waliokuwa wakinung'unika ndio waliokimbia majumbani. Wachimbaji walirudi na matimba, yale magogo wanayoyatumia kuzuia kuta za mashimo yao, wakayasimamisha na kuyakaza, kisha wakaanza kuzoa takataka mpaka wakafika penye ardhi ngumu. Wanawake wakapanga mstari, mawe yakaenda mkono kwa mkono kwenye makarai, na Mama Shija ndiye aliyeshika mwanzo wa mstari. Wapiga ngoma, walipoona hakuna wa kucheza, wakawapigia wafanyakazi. Diwani akavua koti, akakunja suruali, akabeba mawe, na nakwambia alibeba kweli. Pilau ya wageni ililiwa na watu wenye udongo mpaka kwenye nyusi. Matone ya mvua yalipoanza, tulitandaza maturubai na kuzungusha viroba vya mchanga, tope lisipate pa kuingilia.

Mzee Ng'wandu hakuruhusu pupa hata hapo. Mawe yalishindiliwa tabaka kwa tabaka, juu yake ukawekwa mkanda wa zege, na zege likaachwa likomae. Hapo ndipo bomba likarudishwa juu ya mchanga mpya. Deus alipima mteremko, akapima tena, bila kuambiwa na mtu.

Siku ya kurudia kipimo hapakuwa na mwaliko wala jukwaa, lakini nadhani mtaa mzima ulikuwepo. Kioo kikalishika jua. Nikashuka, nikainama, na mwanga ukanijaa usoni. Ulikuwa mwezi mzima, mwanangu, mweupe, usio na hata kovu. Nikanyoosha mkono juu, nikamwomba Mama Shija ashuke aone mwenyewe.

Alishuka kwa shida, nikamshikia kioo. Alitazama kitambo. Akasema, kama anayezungumza na mtu aliye mbali, "Wabeja." Ndiyo asante kwa Kisukuma. Sikumuuliza anamshukuru nani. Alipopanda, kigelegele cha kwanza kilikuwa chake, na mtaa mzima ukakipokea.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, na kisima hakikumuua mtu.

Sasa shika haya, mwanangu. Kazi yako nyingi itakuwa chini ya ardhi, ambako hakuna wa kuisifu. Watakuja watu wazuri tu, wenye haraka nzuri tu, wakuombe ufukie kwanza. Usiwachukie, na usiwakubalie. Viwango unavyokabidhiwa vilitungwa na watu waliokwisha kuona bomba likipasuka, kwa hiyo ukisoma palipoandikwa pima, jua kuna mtu aliyelia ndipo neno hilo likaandikwa. Ukiona kasoro, itaje mapema na kwa sauti, hata kama ngoma zimeshafika. Aliyekosea mwache na heshima yake, maana kesho utamhitaji mtaroni. Na ukiwaeleza watu ukweli wa jambo lao, watakushangaza kwa mikono yao.

Nenda, Kabula. Mungu akupe macho ya kuona palipozama na ulimi usioogopa kupataja. Udongo unaoufungua ukupokee kwa amani, unaoufunga ukae salama, na maji wanayochota wanawake wa mtaa wako yawe uhai siku zote. Nenda na baraka zangu zote, mwanangu.