Sufi ya Mto wa Mama

Fundi alipofungua boksi la spika kwenye gari aliloniachia baba, ili aniwekee sabufa na amplifaya mpya, sufi ilimwagika miguuni pangu, bado inanukia mafuta ya nazi.

Nilikuwa mdogo. Mimi, mama na baba tulikuwa tunarudi Kibiti kwa gari hilohilo na magunia ya mpunga wa Mohoro, na spika ikigonga kama debe tupu. Tulipofika nyumbani mama akapasua mto wake mwenyewe, akaishindilia sufi yote ndani ya boksi.

"Sasa itaimba," alimwambia baba. "Ila ukipita penye msiba, zima."

Tangu siku hiyo akawa analalia khanga aliyoikunja.

"Dada, hii nitupe?" fundi aliuliza.

"Irudishe yote."

"Mdundo utapungua."

"Acha upungue."