Nilishusha gari la umeme Sekenke kwa akili ya dizeli

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, vijana pokeeni salamu popote mlipo.

Ninayoandika yamenipata mwenyewe. Sijatia chumvi, na penye aibu sijaruka.

Mimi ni dereva. Nina miaka arobaini na saba, niliishia kidato cha nne, barabara ndiyo iliyonilea. Nimepeleka semi Tunduma, nimebeba vitunguu vya Misigiri kwa Fuso enzi zile njia ni vumbi tupu, unafika nyusi zote nyekundu. Hadi leo nikinusa dizeli nakumbuka ujana. Kazi moja sijawahi kuikalia miaka mitatu, miguu inawasha.

Safari hii nimeangukia kiwanda cha kukamua alizeti, Mwankoko. Bosi akaamua pikapu zote za kusambazia mafuta ziachane na dizeli, ziwe za umeme. Akaanza na mbili za majaribio, pacha kabisa.

Madereva tulicheka sana. "Hili si gari, ni simu yenye matairi."

Aliyekuwa hacheki ni Neema, binti wa Ilongero, dereva mwenzetu. Wiki nzima alikaa kwenye gari na kitabu chake cha maelekezo. Tukambatiza Mama Kitabu.

Siku ya majaribio bosi akanipa funguo za la kwanza, Neema la pili. Tupeleke madumu ya mafuta Shelui, turudi na matupu. Chaja iko kiwandani tu.

"Atakayerudi na chaji nyingi atawafundisha wenzake," akasema. "Atakayekwama, geti linahitaji mlinzi."

Wakuu, getini ndiko dereva anakwenda kuzeekea. Nikasema moyoni, siendi.

Niseme ukweli, gari lilinishangaza. Halina kelele, halina mtetemo, ukigusa pedali limeshaondoka. Nikampita Neema kabla ya Misigiri, nikampigia na honi.

Nikafika kichwani mwa mlima Sekenke. Mnaoujua mnaujua. Hapo mkono wangu ukafanya ulichofanya miaka ishirini: ukatoa gia, ukatia free. Gari linajishukia lenyewe, hulipi hata tone. Ni hatari, najua, lakini madereva wa zamani wengi tumeishi hivyo. Nikashuka naimba.

Shelui nikashusha madumu, nikaangalia kioo cha dashibodi: chaji asilimia arobaini na tano. Nimetumia zaidi ya nusu, na mlima wa kupanda bado unanisubiri.

Neema akafika taratibu. Yeye ana hamsini na sita.

"Kaka, ulishuka na free?"

"Hapana."

Akaniangalia tu. "Kaka."

"Ndiyo, nilitia."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akanieleza bila kunidharau. Gari hili ukiliacha kwenye gia na kuondoa mguu, linajizuia lenyewe, na kule kujizuia kunarudisha chaji kwenye betri. Mimi nilipotia free niliumwaga mlima wote.

"Ule mlima ndiyo sheli yetu, kaka. Wewe umepita sheli umefumba macho."

Nikamwambia yeye atangulie, mimi nitajua la kufanya. Akatikisa kichwa.

"Ukikwama, bosi hatasema dereva kakosea. Atasema magari mabovu, atayarudisha. Nipe funguo zako, chukua zangu."

"Halafu ukwame wewe?"

"Sikwami. Wewe nifuate nyuma, usinipite, na honi yako iache."

Wakuu, nimefuata madereva wengi, sijaona mguu kama ule. Alizima feni, akapandisha vioo vya milango juani ili upepo usilizuie gari, akapanda Sekenke mwendo wa ng'ombe aliyeshiba. Kila kiteremko kidogo aliachia pedali mapema, taa za nyuma zinawaka, anaokota chaji kama mtu anayeokota alizeti zilizomwagika. Nyuma yake nilijiona mwanafunzi.

Tukaingia kiwandani. Gari alilokuwa nalo limebaki na asilimia tatu. Nililokuwa nalo mimi, tisa.

Bosi akasoma vioo, akanishika bega mbele ya watu wote. "Mzee wa semi! Nilijua, uzoefu hauna mbadala. Neema, umenusurika."

Neema alikuwa anashusha madumu matupu.

Nikalitazama geti. Sekunde chache tu, lakini nilizisikia zote. Lilikuwa hatua kumi kutoka pale niliposimama.

"Bosi," nikasema, "tulibadilishana magari Shelui. Ile tatu ni uharibifu wangu. Kuifikisha hapa ni kazi yake."

Bosi akamtazama Neema, akanitazama mimi. Kisha akachukua funguo mkononi mwangu.

"Mwalimu ni Neema. Wewe kesho unakaa kiti cha abiria."

Sikupelekwa getini. Nikakaa kwa abiria wiki nzima, mzee mzima nafundishwa mguu. Siku niliyorudishiwa usukani, Neema alikaa pembeni yangu. Kichwani mwa Sekenke mkono wangu ukajiendea wenyewe kwenye gia. Akaupiga kofi.

"Acha gia hiyo, kaka."

Nikaondoa mguu. Gari likajivuta, na namba kwenye kioo ikapanda tukiwa tunateremka. Miaka ishirini ya mlima ule, sikuwahi kushuka nikapata kitu.

Nilichojifunza: uzoefu ni mali, lakini uulize kwanza kama gari ulilopanda ni lile ulilolizoea.

Mliowahi kutia free Sekenke, semeni hapa, nisione aibu peke yangu. Na kama kuna anayeendesha la umeme milima mingine, atupe darasa.